Beseni la Mzee Kikoti

Habari za kifo cha Mzee Kikoti zilinikuta kwenye kikao cha kuchagua rangi ya fulana. Sisemi hivyo kwa kubeza. Chama kikishakua lazima kiwe na fulana, fulana lazima iwe na rangi, na rangi lazima iundiwe kamati. Tulikuwa ghorofani, kwenye ukumbi wetu wenye viyoyozi, kana kwamba Dodoma haina upepo wake wa bure, na mjumbe wa Mpwapwa alikuwa anaeleza kwa nini zambarau ya zabibu haitatupendeza watu weusi kama sisi. Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa Festo, mtoto wa mzee. “Kaka,” akasema, “baba ametutoka sasa hivi. Mama amesema uambiwe wewe kwanza.” Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena, na wajumbe wakadhani nataka kuchangia hoja ya rangi. Nilipowaambia, wote waliinamisha vichwa, na kabla sijafika mlangoni katibu alikwisha kutuma ujumbe kwa matawi yote ya Wajomba, ndilo jina la chama chetu, kwamba mwasisi wetu amefariki na ratiba itatolewa. Neno hilo ratiba lilinichoma tangu pale, wala sikujua kwa nini. Nilishuka kwa ngazi ingawa lifti ilikuwa nzima, kwa sababu nikiwa na jambo moyoni siwezi kusimama ndani ya kisanduku nikingoja kufikishwa.

Waandishi wa habari huja mara kwa mara kuniuliza chama kilianzaje, nami nina jibu lililonyooka, lenye maono na uzalendo na malezi ndani yake. Ni la kweli kama picha ya pasipoti ilivyo ya kweli. Ukweli wenyewe unanuka gundi ya kuzibia pancha. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, baiskeli isiyokuwa na breki, na miguu isiyotulia. Nilikwisha kuacha kurudia kidato cha nne kabla ya mtihani, nikaacha kubeba mizigo sokoni, nikaenda Makutupora kupogoa mizabibu na huko nako nikaondoka kabla ya mavuno, hivyo mizabibu niliipogoa mimi na zabibu wakala wengine. Nguo zangu zilikaa ndani ya begi hata baada ya kupanga chumba, maana kila siku nilijiambia kwamba wiki ijayo nakwenda Dar es Salaam. Siku tairi la nyuma lilipoisha upepo pale Majengo, niliisukuma baiskeli hadi kwenye duka la vipuri lililotundikwa tyubu nyeusi mlangoni. Mwanamume mfupi aliyevaa ovaroli ya bluu akaniangalia toka miguuni hadi kichwani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Ndahani.”

“Ahaa, Mgogo.” Akaipindua baiskeli magurudumu juu. “Mgogo na baiskeli. Hii uliiomba kwa nani?”

Ingekuwa kwa mtu mwingine, ugomvi ungeanzia hapo. Lakini juu ya mlango palikuwa pameandikwa Kikoti na Wanawe, na kina Kikoti kwao ni Iringa. Wagogo na Wahehe ni watani: sisi husemwa ombaomba, wao wala mbwa. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki kurushiana maneno badala ya mikuki. Tangu hapo Mhehe anaweza kuniambia lolote nami nisimnunie, mradi nimrudishie. Nikamwambia nimeiomba kwa Mhehe mmoja aliyekuwa anamkimbiza mbwa wa kitoweo, akaona baiskeli inamchelewesha, akanipa. Mzee hakucheka. Aliinamisha kichwa kama anayepima nyama kwa mkono, halafu akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma: “Salum! Njoo uone. Nimepata wa kwangu.”

Chumba hicho cha nyuma naweza kukichora hata leo nikiwa nimefumba macho. Ringi za baiskeli zilining'inia kwenye boriti za paa, na jua la alasiri likipita kati ya spoku lilichora mistari ukutani. Palikuwa na mabenchi ya mbao zilizowekwa juu ya makreti ya soda, kalenda ya mwaka uliokwisha kupita ambayo hakuna aliyeona haja ya kuitoa, na katikati, sakafuni, beseni la bati lenye maji meusi. Wanaume watano au sita walikuwa wamekaa na vijana idadi hiyo hiyo, sahani ya ugali wa uwele katikati yao na bakuli la mlenda pembeni. Mzee Salum, muuza vitambaa ambaye mababu zake walipita hapa na misafara ya zamani wakaona hakuna haja ya kuendelea, alinisogezea maji ya kunawa. Mama Neema, mke wa Kikoti, ndiye aliyekuwa amepika. “Haya, kula makamasi yenu,” Kikoti akaniambia akinionyesha mlenda, kisha yeye mwenyewe akamega tonge, akachovya, na kuvuta uzi wa mlenda kwa ustadi ambao hata mama yangu mzazi angeuheshimu. Nilikula nikijiambia naondoka baiskeli ikishapona. Nikala tena.

Ndipo nilipoelezwa habari ya beseni. Tyubu ikiwa na tundu dogo, macho hayalioni. Unaijaza upepo, unaizamisha majini, na mapovu yanakuonyesha. Wanaume wale walikuwa wameanza kwa kuwachukua vijana waliokuwa wakizurura mtaani na kuwapeleka kwa mafundi wanaowafahamu, na siku za Ijumaa walichimba nao mitaro ya maji ya mvua, wazee kwa vijana, suruali zimekunjwa magotini. Lakini walikuwa wameona kwamba kijana akionywa, anaitikia ndiyo na kesho haonekani. Kwa hiyo kila kijana alipewa mjomba asiyekuwa ndugu yake, na mjomba huyo sharti awe mtani wake. Mpare alipewa Mchaga. Mzaramo alipewa Msukuma. Kila Jumamosi alasiri mmoja aliingia kwenye beseni, maana yake alikaa kwenye kiti karibu na maji yale, na mtani wake akasema mbele ya wote aliyoyaona kwake. “Baba yako akikuita mvivu, utanuna mwezi mzima,” Mzee Salum alinifafanulia. “Huyu Mhehe akikuita mvivu, utamwambia anakula mbwa, mtacheka. Halafu ukifika kwako, lile la uvivu litakuwa bado linakusubiri.”

Wazee nao waliingia, na hilo ndilo lililonikamata, maana sikuwahi kuona mzee akisemwa na kijana huku akiwa hai na mwenye nguvu za kunyanyua fimbo. Zamu ya Kikoti ilipofika, nilikuwa nimeshakula kwake miezi kadhaa na nilikuwa nafanya kazi dukani, eti kwa muda. Nikasema Mhehe huyu ana mdomo mrefu wa kusema makamasi, makamasi, lakini sijawahi kumsikia akimsifu mpishi hata siku moja. Vijana wakacheka. Mlangoni Mama Neema alikuwa amesimama na sufuria mkononi. “Mwacheni huyo kijana aendelee,” akasema. Jumamosi iliyofuata, chakula kilipowekwa, mzee alikohoa, akautazama ugali kwa muda, akatamka mbele ya watu wote kwamba ugali wa leo una umbo zuri. Mama Neema alirudi jikoni haraka, nasi tukamsikia huko akicheka peke yake.

Siku hizi, katika semina zetu, nawasikia wataalamu wakieleza namna ya kumjengea kijana kujiamini, na sipingi, wamesoma. Mimi nakumbuka tu kwamba vijana walikuja kutoka Chang'ombe, kutoka Mkonze, hata kutoka Buigiri kwa miguu na lifti za malori, na hakuna aliyewaita. Chumba kikajaa. Tukakaa kwenye matairi, kisha uani, kisha nje kabisa juani, na walio nje wakawa wanauliza walio mlangoni, “Amesemaje? Amesemaje?” Ndiyo ikawa sababu ya maongezi niliyoyasikia alasiri moja nikiwa dukani nabandika kiraka, pazia tu likinitenga na wazee wawili waliokuwa wanakunywa chai ya rangi.

“Kikoti, jana watoto wa watu wamekaa juani,” Mzee Salum alisema.

“Nimeona.”

“Bila usajili hatupewi ukumbi. Wanataka katiba. Na wanatuma mtu aje aone tunavyofanya.”

“Aje.”

“Na beseni?”

Kikombe kikawekwa mezani. “Beseni alione,” Kikoti akasema. Kisha akashusha sauti, ila pazia ni pazia. “Yule Mgogo wangu ana begi limefungwa chumbani kwake. Festo kaliona. Atakimbia huyo.”

“Si umwambie.”

“Nitamwambia mahali pake.”

Nilipata hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka. Kiraka nilichokuwa nabandika nilikikandamiza mpaka kidole kikauma. Mahali pake nilipafahamu: Jumamosi, mbele ya mgeni, mbele ya umati. Nikaamua safari hii naondoka kweli, na naondoka Jumamosi hiyo hiyo mchana, kabla watu hawajafika. Nililifunga begi nyuma ya baiskeli, nikapitia dukani kurudisha pampu, kwa sababu sikutaka Mhehe apate la kunisema kwamba Mgogo ameondoka na pampu. Dukani hapakuwa na mtu. Mama Neema alikuwa uani, anasonga ugali mkubwa kwa ajili ya mgeni, jasho linamtiririka. Akaliona begi, akaniona mimi. “Kula kwanza,” akasema, akanipa kigoda. Hakuna Mgogo anayeondoka kwenye mlenda uliowekwa mbele yake, na yule mama alilijua hilo kuliko wanaume wote. Alipoona sahani inakaribia kwisha aliongeza. Nilikuwa bado natafuna watu walipoanza kuingia, na mgeni akiwa kati yao.

Mgeni alikuwa mtu mpole, viatu vinang'aa, aliyekulia kwenye kota za mjini ambako utani haukumfikia. Alipewa kiti chenye mgongo. Kikoti hakuzunguka. Alilileta begi langu toka uani, akalitua kando ya beseni, akanionyesha kiti. Ningeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Nikaenda nikakaa, na mpaka leo sijui ni nini kilichonikalisha, kama si tumbo lililojaa.

“Mnaliona hili begi?” Kikoti alianza. “Wagogo wenzake wanaomba kwa bakuli, huyu anaombea kwenye begi. Anakwenda kuomba Dar es Salaam. Akishapewa huko, ataomba na nauli ya kwenda kwingine.” Watu wakaangua kicheko, na mimi pia. Kisha akaja mbele yangu, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa usawa wa wangu. “Nimemchunguza huyu. Shule aliacha kabla ya mtihani. Makutupora aliacha kabla ya mavuno. Hakuna mahali anapokimbilia. Anaondoka kabla mtu hajamwambia hafai. Basi leo namwambia mimi, nimmalizie. Ndahani, kuziba pancha hufai. Viraka vyako vinabanduka, wateja wanarudi wananitukana. Haya, umeshaambiwa. Sasa kaa.”

Nilisikia tyubu ikigonga ukuta kwa upepo huko mlangoni. Nilikuwa nimeikimbia sentensi hiyo tangu utotoni, nikaikimbia darasani na sokoni na shambani, na sasa ilikuwa imesemwa na dari halijaanguka. Machozi yalinitoka bila kuniuliza. Mgeni akaacha kuandika.

“Kijana,” akasema kwa huruma ya kweli, “unajisikiaje kuitwa ombaomba wa kabila fulani mbele za watu?”

“Sijatukanwa,” nikamwambia. “Huyu ni mtani wangu.”

“Lakini unalia.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo umeumia.”

“Nimeumia, lakini siyo hapo.” Nilitamani kumweleza kwamba pa ombaomba hapakunigusa hata ukucha, pameuma pa viraka. Niliuona uso wake nikaelewa hatutafika. Deni langu lilikuwa kwa Mhehe. Nikamgeukia, nikafuta kamasi, nikasema viraka vinabanduka kwa sababu gundi yake ya Kihehe ameichemsha na mafuta ya mbwa. Chumba kizima kikalipuka, Mzee Salum akadondosha kofia. Mgeni aliinama akaendelea kuandika.

Usajili tulipata. Ulikuja na ushauri kwamba katiba ikataze mwanachama yeyote kumtaja mwenzake kwa kabila, na kwamba kukosoana kufanyike faraghani, kwa lugha ya staha. Tulipopiga kura, mkono wa kwanza kupanda kuukubali ulikuwa wa Kikoti. Nilimfuata dukani nikiwa nimefura. Nilikuwa nimekwisha kutoa nguo kwenye begi na kuzitundika kwenye misumari. Nimekaa kwa ajili ya beseni lake, na yeye analimwaga? Alikuwa anakaza spoku, hakuinua kichwa. “Wewe una kiti,” akaniambia. “Wale walio nje hawana. Chama kiwapate kwanza.” Akazungusha ringi akaitazama inavyokwenda. “Ila siku yangu ikifika usije kunisomea hotuba. Uje ufanye kazi yako.” Niliitikia tu, kama kijana anavyomwitikia mzee anayetaja kifo chake huku mikono yake ina grisi na nguvu tele.

Chama kikawapata. Sitasema uongo ili hadithi yangu inoge: nimewaona vijana waliokuwa wanaelekea jela wakawa mafundi na walimu, na wengine wakawa wajomba wa wengine, Kondoa, Kongwa, Manyoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta harufu ya chumba kile. Nami nikawa mwenyekiti. Mwenyekiti husifiwa. Husifiwa asubuhi kwenye ufunguzi na jioni kwenye ufungaji, na mimi baada ya sifa hizo hutoka nje nikazunguka gari langu mara kadhaa kabla ya kuingia, sijui natafuta nini. Pa kwenda palikuwa pamoja tu, Mkonze, alikohamia Kikoti uzeeni, ambako nilipokelewa getini kwa swali: “Mgogo, hilo tumbo uliliomba kwa nani?” Huko niliambiwa kwamba hotuba zangu ni ndefu, kwamba namwogopa katibu wangu, kwamba wanangu hawanijui. Nilirudi mjini nimepondeka, nikalala vizuri. Nilipokuwa nashuka zile ngazi baada ya simu ya Festo, ndilo lililokuwa linaniuma, nalisema wazi: nilikuwa nimemlilia mzee, lakini zaidi nilikuwa naogopa, maana hakubaki mtu wa kunitia majini.

Mazishi yalikuwa hapo hapo Mkonze. Ratiba ilichapwa kwenye karatasi nzuri: wasifu, salamu za matawi, hotuba ya mwenyekiti, nasaha za mgeni rasmi, maua. Vijana wetu walisimama kwa mistari iliyonyooka. Kwa Mhehe wa umri wake, watani walipaswa kuwa wameanza fujo tangu alfajiri, kuficha sufuria za wapishi, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, kuzuia jeneza, kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka wapewe chochote. Msiba usiokuwa na hayo watu husema ni wa mtu asiyekuwa na watu. Lakini wazee wa Kigogo waliokuwa wanajua kazi hiyo walikwisha kutangulia mbele ya haki, na vijana wetu tumewafundisha staha. Upepo ulikuwa unapiga vumbi kwenye maua. Nilikuwa na suti, na hotuba mfukoni, na bila kujua nilikuwa nimeushika ufunguo wa gari mkononi kama ninavyoushika kila mahali, tayari kuondoka. Mama Neema, kwenye kiti chake kando ya shimo, hakuwa analia. Alikuwa anaangaza macho nyuma ya watu. Akaniita kwa kidole.

“Baba, watani wake wako wapi?”

“Mama, kwenye ratiba…”

“Sikuuliza ratiba.”

Kwenye kipaza sauti waliita jina langu na vyeo vyangu. Nikampa Festo ufunguo. Nikampa koti. Nikavua viatu, na soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni, mbele ya mgeni rasmi na matawi yote. Katibu alinishika mkono akininong'oneza, “Mwenyekiti, tafadhali,” na mkono huo nikauondoa. Kaburi lilikuwa na kina kuliko nilivyodhani nami si kijana. Niliteleza zaidi ya kuruka, nikaangukia magoti. Nilisimama, nikaliona jeneza likiwa usawa wa macho yangu.

“Kamwene, Mhehe!” nikapaza sauti kumsalimu kwa Kihehe, na ilinitoka imepasuka. “Umechelewa. Hapa nimeshafika mimi. Shimo zuri kama hili liwe la mla mbwa? Wewe rudi Iringa. Na kabla hujaenda uniambie, miaka yote hiyo, hivi viraka vyangu bado vinabanduka?”

Nilihesabu nimeharibu kila kitu, msiba na chama na jina langu. Kisha juu yangu nikasikia sauti ya Mama Neema, kavu, ya kike ya jikoni.

“Wagogo ninyi. Hata kaburi mnaomba?”

Akacheka. Alicheka kama siku ile ya ugali wenye umbo, safari hii bila kukimbilia jikoni, na wazee wa Majengo wakamfuata, na kicheko kikapita kwenye ile mistari ya vijana ikapinda. Festo alikuja ukingoni akilia na kucheka, akaninyooshea mkono. Tangu utotoni alikuwa ananiita kaka.

“Haya, Mgogo, tukupe nini utoke?”

Nikaketi chini kwenye udongo wa baridi, nikakunja hii miguu yangu, nikamwambia sitoki.